Bei ya Kadogo

Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wa vikundi vya akiba na vya maji hapa Nyalenda, Kisumu. Nimeyaandika karibu yote jinsi yalivyotoka, ila vicheko nimeviacha, na pale nilipokatizwa na honi ya bodaboda dirishani nimeparuka.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango ili mkichoka mtoke kimyakimya, amosou duto, nawasalimu nyote.

Nimepewa dakika 20. Mwenyekiti wetu anajua nikianza kuhesabu senti sisimami, ndiyo maana ameketi hapa mbele na saa yake mkononi. Mada niliyoandikiwa ni "juhudi za jamii katika kupunguza umaskini mjini". Ni mada nzuri, lakini neno umaskini likisemwa ukumbini huwa kama moshi: macho yanatuwasha sote na hakuna anayeushika. Kwa hiyo nimekuja na kitu cha kushika. Nimekuja na mkebe.

Mnauona? Ulikuwa wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili tunaouita gorogoro. Aliye karibu auangalie kitako. Kimegongwa kikaingia ndani, kina cha vidole viwili. Niliugonga mwenyewe kwa nyundo, mwaka nilioanza kuuza makaa pale kona. Karibu kila muuza makaa ana mkebe kama huu, kila mnunuzi anajua, na bado tunauziana na kusalimiana vizuri tu.

Sasa sikilizeni hesabu. Gunia nilinunua shilingi 2,000. Nikilipima kwa mkebe huu nilipata mikebe 42. Mkebe niliuza 70. Toeni simu mpige hesabu: 2,940. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, alikuwa akichukua mkebe mmoja kila siku, kwa sababu siku ikiisha alichokuwa nacho mkononi kilikuwa hiyo 70. Katika siku 42 alikuwa amelinunua gunia zima, na juu yake amenipa karibu 1,000 nyingine kwa kuwa tu hakuweza kulinunua siku moja. Mwenye pesa ya gunia alilipa 2,000 akaenda zake.

Hiyo ndiyo bei ya kadogo. Sukari ya kumi, majani ya chai ya tano, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande. Wenye viwanda hutuambia kwamba kadogo ni kutufikiria, eti wametupunguzia mzigo. Mimi niliyekuwa nyuma ya meza na nyundo yangu nasema hivi: maskini wa mjini hanunui vitu vya bei rahisi. Ananunua vitu vilevile kwa bei ya juu kuliko tajiri, ila anaviuziwa kwa vipande ili asione jumla. Nilipolielewa hilo ndipo nikaelewa vikundi vyetu ni vya nini. Kikundi kinachofanya kazi ni kile kinachomrudisha mtu kwenye bei ya gunia. Kisichofanya hivyo kina sare na picha za ukutani.

Twende kwenye maji, maana hapo Kisumu ina la kuwaambia wengine.

Vijana, nivumilieni kidogo. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, bandari ikaitwa Port Florence, na mji ukapangwa kwa ajili ya wenye reli na wenye maduka. Babu zetu walikuwa nje ya mpaka, kwenye mashamba yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka ukasogezwa, na asubuhi moja Nyalenda na Manyatta zikaamka zikiwa mjini. Hakuna aliyehama. Mpaka ndio uliohama. Ndiyo maana hali yetu si ya Kibera, ambako ardhi kwa sehemu kubwa inahesabiwa kuwa ya serikali. Hapa kipande cha ardhi kina mwenyewe, ana hati sandukuni na kaburi la baba yake nje ya mlango. Ni vigumu mtu kuja usiku na tingatinga akafagia Nyalenda nzima. Lakini vilevile hakuna pa kupitisha bomba bila kupiga hodi. Likumbukeni hilo, nitalirudia kabla sijakaa.

Basi mji ukatufikia, maji ya mji hayakufika. Tukachimba. Udongo wetu ni ule mweusi, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka hadi unapoteza kandambili ndani ya ufa. Maji yako karibu, unachimba kidogo unayapata. Na choo nacho kiko hapohapo, hatua chache. Watafiti wamepima maji ya visima vya Manyatta na kukuta uchafu wa choo ndani, na nadhani waliostaajabu ni wao peke yao. Ziwa lenyewe lipo pale, ukipanda juu ya paa unaliona likimeremeta. Unaliona na huna cha kunywa.

Cha kunywa tulinunua kwa mtungi wa lita 20. Nilipoolewa huku mtungi ulikuwa shilingi 5, na mifereji ikikauka mwenye mkokoteni aliita 20 bila kupepesa macho. Lita elfu moja ni mitungi 50. Kwa 20 kila mmoja, hiyo ni shilingi 1,000 kwa yuniti moja ya maji. Kule Milimani, kwenye bustani na magari ya kuoshwa kila asubuhi, hakuna aliyewahi kuletewa bili ya namna hiyo kwa yuniti moja. Ni mkebe uleule wa makaa, safari hii umejaa maji.

Kisha ikaja Sheria ya Maji ya 2002, iliyoyatoa maji mikononi mwa mabaraza ya miji na kuyapeleka kwa kampuni. Kwetu ikawa KIWASCO, kampuni ya maji na maji taka ya Kisumu. Na KIWASCO ilipoingia Nyalenda ilikuta nini? Mipira ya plastiki iliyosokotana kama tambi kutoka barabara kuu, mingine ya halali, mingine imeunganishwa usiku, ikipita katikati ya mitaro ya maji machafu. Msoma mita akija hapati mita, na akiipata mwenye nyumba amehama.

Njia iliyopatikana imewaleta wageni wa miji mingine kuja kuiona. Ilijaribiwa hapahapa Nyalenda katikati ya miaka ya 2000, kampuni ikiwa pamoja na shirika la SANA la hapa Kisumu na msaada wa ubalozi wa Ufaransa. Kampuni inavuta bomba nene hadi ukingoni mwa mtaa, inafunga mita kuu hapo, na kuanzia hapo inawauzia wakazi waliojipanga kikundi maji kwa jumla. Kwa jumla, jamani. Bei ya gunia. Kikundi ndicho kinachounganisha nyumba na vioski, kinasoma mita ndogo, kinakusanya pesa, kinaziba panapovuja, kisha kinalipa kampuni kwa kadiri ya mita kuu ilivyosoma. Kati ya bei ya jumla na ile ya rejareja kuna kitu kidogo kinachobaki, na hicho ndicho mshahara wa msomaji na wa fundi. Wote wawili ni watoto wa mtaa.

Mnaotaka kuanzisha laini yenu, hapa ndipo pa kufungua masikio. Mita kuu haina undugu. Mwezi wetu wa pili ilisoma yuniti 300. Tukajumlisha mita zote za nyumba na vioski, tukapata 210. Zile 90 ni nani alizinywa? Hakuna. Na ni nani anazilipa? Kikundi. Tuliketi mbele ya ile karatasi kama watu waliofiwa.

Fundi wetu akasema tusubiri usiku. Saa nane usiku mtaa umelala, mifereji yote imefungwa, maji yana nguvu. Ukiweka ncha ya nondo juu ya bomba na ncha nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, bomba lisilovuja linakaa kimya, na bomba linalovuja linazomea kama nyoka kwenye majani makavu. Mimi nilisikiliza kwa sikio langu hili. Tulitembea watu watano na tochi moja, mbwa wote wa upande ule tunaouita Kilo wakitupigia kelele, na mlinzi wa duka akatuuliza mara mbili kama tuna akili. Tulipata mivujo miwili. Tulipata pia mpira uliochepuka kutoka kwenye bomba letu ukapita chini ya ukuta kuelekea kwa... hapana, sitamtaja. Yuko humu ndani, amevaa vizuri, na siku hizi ni mlipaji mzuri kuliko mimi.

Mwezi uliofuata tofauti ikashuka hadi yuniti 40. Haikuwahi kuwa sifuri, na anayewaambia kwamba kwake ni sifuri mwombeni awaonyeshe daftari. Lakini kioski chetu kina bei iliyoandikwa ukutani kwa rangi, na kiangazi kikija mwenye mkokoteni anakuja kwetu kununua kama mtu mwingine yeyote. Hilo kwangu ni kubwa kuliko hotuba zote.

Na hotuba tumesikia. Mwaka 2006 mji huu ulitangazwa kuwa Mji wa Milenia wa kwanza duniani. Tulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga. Sisemi ni vibaya mji kupewa jina, hata mtoto hupewa jina kabla hajafanya lolote. Nasema tu kwamba waliolala macho na nondo sikioni walikuwa watu watano wa mtaa, na hakuna jina ambalo lingewafanyia ile kazi.

Nije kwenye pesa. Pesa nayo huuzwa kwa kadogo, na bei yake ndiyo kali kuliko zote.

Mkopeshaji wa mtaani anakupa 1,000 Jumamosi hii, Jumamosi ijayo anataka 1,200. Vijana, najua mna njia zenu, mnabonyeza simu na pesa inaingia kabla hujameza mate. Benki Kuu ilianza mwaka 2022 kuwatia hawa wakopeshaji wa simu kwenye kanuni, na ilikuwa lazima, maana walikuwa wakimpigia mtu shemeji yake na mwajiri wake kumtangazia deni la 800. Hata hivyo kanuni haipunguzi njaa ya Alhamisi. Ukiwa na njaa ya Alhamisi utabonyeza tu.

Kikundi chetu tulianza watu 25. Hisa moja shilingi 100, kila Jumamosi, chini ya mwembe wa mwenyekiti. Mwanachama anakopa hadi mara tatu ya hisa zake, anarudisha na asilimia 10 kwa mwezi. Kuna kijana wa chuo aliyewahi kunishambulia: "Mama, asilimia 10 kwa mwezi ni wizi, hata benki haitozi hivyo." Nikamwambia kweli, benki haitozi, kwa sababu haikukopeshi. Na pia, mwanangu, ile 10 inaenda wapi? Inarudi kashani. Desemba tunavunja kasha na kugawana, na aliyekopa sana anakuta sehemu ya riba yake inamrudia mkononi. Tofauti na mkopeshaji ni hapo tu, na hapo tu panatosha.

Kasha letu ni la chuma, lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, kasha linakaa kwa mtu wa nne. Msidhani ni akili ya Nairobi. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwa na wanawake wa vijijini, na vikundi vyao vikaitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, wanawake wenye mbinu. Ukavuka jangwa na misitu hadi ukatufikia sisi wauza omena. Napenda kulifikiria hilo nikiwa nimekaa pale chini ya mwembe: mwanamke wa Niger ambaye hatutaonana, na hesabu yake iko mikononi mwangu.

Lakini kufuli tatu hazizuii kila kitu. Nitawaambia jambo ambalo wenzangu wa kikundi wanalijua na wengine hamlijui, na mwenyekiti ameshaanza kuangalia chini kwa sababu anajua ninachotaka kusema.

Mwaka wetu wa tatu mimi nilikuwa katibu. Katibu ndiye aliyekaa na muhuri. Kila mwanachama ana kijitabu, na akileta pesa unamgongea. Muhuri wenyewe ulikuwa wa nyota, ule wa walimu wa chekechea. Rafiki yangu, tuliyelea watoto pamoja, alikuwa na mkopo wa 8,000 uliopitisha tarehe. Akaja kwangu Ijumaa jioni. Nilikuwa nakaanga mihogo. Akaketi kwenye kigoda, akalia, akasema mume ameachishwa kazi, akaniomba nimgongee tu kwamba ameleta 3,000, Jumatatu atazileta mwenyewe, asiaibike mbele ya watu. Nikafuta mafuta mkononi, nikagonga.

Kesho yake kasha likafunguliwa, pesa zikahesabiwa hadharani kama kawaida, zikapungua 3,000. Na macho ya watu wote yakaenda kwa nani? Kwa mweka hazina. Mama wa miaka zaidi ya 60, mjane, mtu ambaye ukimtuma sokoni anakurudishia hata shilingi moja. Nilinyamaza. Nilinyamaza pale chini ya mwembe, nikanyamaza Jumapili kanisani, nikanyamaza wiki nzima. Jumatatu rafiki yangu hakuja, wala Jumanne.

Jumamosi iliyofuata nilisimama nikasema. Nilitozwa faini, nikavuliwa ukatibu, na nililipa zile 3,000 kutoka kwenye hisa zangu. Watu saba kati ya 25 walidai chao wakaondoka, na siwalaumu. Rafiki yangu tunasalimiana. Mweka hazina alinishika mkono nikitoka, akaniambia, "Nyathina," yaani mwanangu, "lile daftari halikuwa lako." Basi, hayo tu. Hakuniambia tena kitu mpaka anakufa.

Tangu siku hiyo muhuri unalala ndani ya kasha. Ukitaka kumwonea rafiki huruma, itabidi uwaamshe wenye funguo watatu na mwenye kasha. Anayeanzisha kikundi kesho akisahau mengine yote niliyosema, muhuri uwe ndani ya kasha.

Watu kumi wanatosha kusajili kikundi siku hizi, kwa sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii, pelekeni katiba yenu na orodha ya majina. Sitaki kukaa hapo, maafisa wako nje na fomu, watawaeleza vizuri kuliko mimi.

Wenzetu wa Obunga wako wapi? Inueni mikono. Nyinyi ndio walimu wangu wa biashara. Samaki mbuta anatolewa ziwani, anaingia kiwandani, minofu inakatwa inapandishwa ndege kwenda Ulaya, na kinachobaki ni kichwa na mifupa yenye nyama ya kulamba. Mgongo wazi. Watu wa mji huu wamekula mgongo wazi hadi wakasahau kwamba samaki ana ubavu. Mama akienda peke yake kuutafuta, anauchukua kwa dalali, kwa ndoo, kwa bei ya dalali. Nimewaona akina mama wanane wakichanga asubuhi, wakachukua mzigo mmoja, wakaukodia mkokoteni mmoja, wakaugawana kwa mizani uwanjani kabla jua halijawa kali. Wanagombana, naam, nimewasikia kutoka barabarani. Lakini wanagombania mzigo walioununua kwa bei ya gunia. Ugomvi huo ni mtamu.

Kuna taa zile ndefu tunazoziita mulika mwizi, zilizokuja na miradi ya kuboresha mitaa. Zikiwaka, mama wa samaki anakaanga hadi saa nne usiku badala ya saa moja. Hiyo ni saa tatu za biashara ambazo hakuzipata kwa mkopo. Nazishukuru. Ila sasa niseme lile ambalo kwenye mikutano kama hii huwa halisemwi, kwa sababu wenye plot ndio huwa mbele na wapangaji ndio huwa nyuma.

Taa ikiwaka na maji yakifika, kodi inapanda. Kwenye plot niliyokuwa nikikaa, chumba cha 1,500 kilikuwa 2,500 kabla rangi ya kioski haijakauka. Watu wawili walihama mwezi huohuo, wakaenda mbali zaidi, kule ambako maji bado ni ya mkokoteni. Sisi tulioleta maji tuliwahamisha. Si kwa kutaka, lakini tuliwahamisha. Mara ya pili tulipopanua laini tulijaribu kitu: kabla ya kuunganisha plot, mwenye plot anaandika kwamba hatapandisha kodi kwa miaka miwili. Watano waliandika. Watatu waliheshimu. Wawili walisema karatasi si sheria, na kweli si sheria, tulichoweza ni kulitaja jambo hilo kwenye kikao mbele yao. Mmoja akapunguza. Mwingine bado tunamtaja.

Na kuna wale ambao hawawezi kuleta hata ile 100 ya Jumamosi. Kikundi chetu hakina dawa yao, tusidanganyane. Kijana aliyetoka kijijini wiki jana, bibi anayelea wajukuu watano, mgonjwa: hao hawahitaji somo la kuweka akiba, wanahitaji kupewa. Tuna mfuko wa jamii, kila mtu anaweka 20, unatoa unga na nauli ya hospitali. Ni mdogo. Ukiwa na misiba miwili kwa mwezi umekwisha.

Waheshimiwa wa kaunti mliokuja, hili ni lenu. Huwa nawasikia mkisema kwa furaha kwamba jamii imejitegemea, jamii imechukua usukani. Mnapolisema hivyo mimi hushika mkoba wangu. Mto Auji ukifurika na kuingia nyumbani kwa watu, kasha letu lenye kufuli tatu halina la kufanya. Kikundi cha watu 18 wanaochanga 100 hakiwezi kujenga mtaro wa mawe wa kilomita tatu, wala kusafisha maji taka ya nusu ya mji. Katiba ya 2010 imeweka huduma za maji na usafi kwa kaunti, iko kwenye jedwali la nne, mwanangu alinionyesha. Sisi tunashika kutoka kwenye mita kuu kuja huku ndani. Kutoka kwenye mita kuu kwenda huko juu ni kwenu. Tukikutana hapo kwenye mita, kila mmoja na daftari lake, tutaelewana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimebakiza moja.

Niliwaambia hapa hakuna bomba linalopita bila hodi. Laini yetu imeishia kwenye ua wa mzee mmoja, na upande wa pili wa shamba lake kuna nyumba zaidi ya 60 ambazo bado zinanunua kwa mtungi. Tunahitaji njia ya upana wa jembe, kina cha magoti, urefu wa mita 80, kando ya ua, bila kugusa kaburi lolote. Tumempelekea fundi, akapima mbele yake. Tumekubaliana kwamba tukishafukia tutarudisha udongo jinsi ulivyokuwa, na kwamba mfereji wa kwanza utakuwa wa kwake.

Mzee yuko hapa, safu ya pili, ameshika kofia. Shikamoo, mzee wangu. Ulituambia utatujibu mahindi yakikomaa, kwa sababu hutaki watu wakanyage shamba. Lilikuwa neno la haki na tuliliheshimu. Leo asubuhi nimepita kando ya ua nikija huku. Yamekauka, mzee. Mengine yameanza kuanguka. Kesho saa kumi jioni tutakuja watu 18, tutaanza kwa kukuvunia.